Vitumbua vya Matunga

Watu wa Tanga wana msemo wao ambao kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza: waja leo, waondoka leo. Asiyejua hudhani kuwa huo ni mji wa kupita tu. Mwenyeji hucheka, kwani anawajua wengi waliokuja kwa siku moja, wakaoa, wakazaa, na makaburi yao yako huko huko. Mama mmoja wa Ngamiani, muuza vitumbua, alipoambiwa mwanzoni mwa mwaka 2009 kwamba hana budi kupelekwa Mumbai akatibiwe moyo, aliushika msemo huo kama ulivyo, bila kicheko. "Mimi naenda leo na kurudi leo," alimwambia mwanawe. "Wasije wakanizika kwa watu."

Maradhi yake hayakuwa mageni. Homa ya baridi yabisi iliyompata utotoni ilikuwa imeacha kovu katika mlango mmoja wa moyo, na miaka ilivyopita mlango ule ukakaza, damu ikawa yapita kwa taabu. Alianza kwa kupumzika njiani akitoka sokoni. Kisha akawa hawezi kukuna nazi tatu bila ya kuiacha mbuzi na kushika kifua. Leo mgonjwa wa namna yake huanzia Dar es Salaam, kwani tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Lakini wakati ule njia ya wagonjwa wengi wa moyo ilikuwa ya Bara Hindi, na njia hiyo haikupitika bila ya kuuza kitu.

Kilichouzwa ni shamba la minazi la Tongoni, kusini ya mji, karibu na magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Mama aliachiwa shamba hilo na mamake, na kwa miaka thelathini nazi zake ndizo zilizotoa tui la vitumbua vyake. Mwanawe, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, ndiye aliyekaa barazani na mnunuzi na kutia sahihi. Mama alikuwa uani. Hakutoka, wala hakuuliza bei.

Walisafiri mwezi wa Februari, katika msimu wa kaskazi. Zamani huo ulikuwa wakati wa vyombo vya Kachi na vya Bombay, kama mji ule ulivyoitwa kabla ya kubadilishwa jina mwaka 1995, kuteremka na upepo hadi pwani ya Afrika na kungoja kusi virejee kwao. Basi hawa wawili walikwenda huku upepo unakuja. Ndege haina habari na kaskazi wala kusi. Iliwavusha kwa muda wa saa chache bahari ambayo mabaharia waliihesabu kwa majuma.

Mwalimu alikuwa na Bombay yake kichwani. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiwasomesha wanafunzi wake habari za Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyevuka bahari hiyo hiyo mwaka 1928 pamoja na wenzake ili sauti zao zitiwe katika santuri. Tena aliyeandika wasifu wa Siti ni mtu wa kwao, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Kwa hiyo kwa mwalimu huyu Bombay ilikuwa mji wa sauti. Katika miaka yote ya kusomesha hakuwahi kujiuliza Siti alikula nini huko.

Walipanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na Barabara ya Mohammed Ali, mtaa wa misikiti na wauza nyama ya kuchoma, ambako mgonjwa wa Kiafrika hakuwa kioja. Kutwa nzima dirishani pao ilipanda sauti ya honi, ya mikokoteni iliyosukumwa na watu wenye migongo mikavu, na ya teksi nyeusi zenye paa la manjano. Hatua chache mbele lilikuwako soko kubwa la Crawford, na mbele yake stesheni kuu ya Chhatrapati Shivaji, yenye kuba na minara kama jumba la mfalme. Stesheni hiyo ilikuwa miongoni mwa mahali palipoingiliwa na watu wenye bunduki Novemba 2008. Hata mwezi ule wa Februari askari walikuwa wamesimama nyuma ya viroba vya mchanga, na watu kwa maelfu wakiwapita mbio kwenda kazini, bila hata kuwatupia jicho.

Jambo la kwanza lililomshangaza mwalimu ni kwamba hakuwa kiziwi kabisa. Katika mvumo ule wa lugha asizozijua, kila mara neno moja lilijitokeza na kumwamkia. Aliyeuza sabuni alisema sabun, wa barafu alisema barf, na gari lilikuwa gadi. Mzee mmoja alipotaja jahaz, mwalimu aligeuka kana kwamba ameitwa jina lake. Na kila mahali, mikononi na midomoni mwa watu, paisa. Alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua, akakuta picha ya babu yake ukutani.

Lakini furaha ya maneno haimshibishi mgonjwa. Daktari alimpima mama akasema mlango wa moyo waweza kutanuliwa bila ya kupasua kifua, ila damu ni pungufu na mwili ni dhaifu. Ale kwanza, apate nguvu, ndipo wamshughulikie. Na mama hakuwa akila. Asubuhi alikunywa chai, jioni chai tena, na kilicholetwa kwa sinia kilirudi kwa sinia.

Mwalimu alidhani ni ugeni wa chakula. Akashika njia ya mitaani, na kwa siku tatu akawa hana kazi nyingine ila kuutafuta mji ule kwa pua. Siku ya kwanza alirudi na chapati, akiamini kwamba chapati ni chapati. Mama aliikunjua, akaipeperusha kama leso. Ilikuwa nyembamba, kavu, isiyo na tabaka. Kwani huko ile yenye tabaka za mafuta, iliyo ndugu wa chapati ya Tanga, huitwa paratha. "Hii imelala njaa," alisema mama. "Haijaonja mafuta tangu kuzaliwa." Akaikunja, akaiweka.

Siku ya pili aliagiza bhaji, akaletewa rojo jekundu la mboga zilizopondwa, na siagi inayeyuka juu yake, pamoja na boflo mbili ndogo zilizochomwa. Mama alitazama ndani ya chombo. "Na bajia zenyewe zi wapi?"

Siku ya tatu ilikuwa ya kachori. Alichopewa kwa jina hilo kilikuwa andazi gumu lililojazwa dengu. Lakini pembeni, katika kioski kilichozungukwa na makarani na wachukuzi, kijana alikuwa akichovya madonge ya viazi katika uji wa unga wa dengu na kuyatumbukiza katika mafuta. Hiyo ilikuwa kachori ya Tanga, dhahiri shahiri, ila huko huitwa batata vada, nayo huliwa ndani ya mkate, na pilipili ya kuposha kando. Jina lilikuwa huku na kitu chenyewe kule. Mwalimu alicheka peke yake njiani, akalikumbuka neno mbatata la watu wa Unguja. Alifika nyumbani mbio ili kiwe bado cha moto. Mama alimega kidogo kwa ajili yake, akasema kizuri, akaegemea mto.

Katika nyumba ile alikuwako mzee mmoja wa Unguja, aliyekuwa akimwuguza ndugu yake kwa mwezi wa pili. Mwalimu alimwita Ami, naye alizijua njia zote. Siku ya nne, saa sita mchana, Ami alimwonyesha wanaume waliovaa kofia nyeupe, wakishuka katika treni na mabao marefu vichwani yaliyopangwa vyombo vya bati. Hao ni wale wanaoitwa dabbawala, wachukuzi wa chakula cha mchana, ambao chama chao kina asili ya mwaka 1890, na kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa kama 5,000. Kazi yao ni kuchukua chakula kilichopikwa nyumbani kwa mtu na kukifikisha mezani pake kazini, kisha kukirudisha chombo kitupu jioni ile ile.

"Huu mji una mikahawa isiyohesabika," alisema Ami. "Na bado mtu mzima, bwana wa ofisi, hataki ila mkono wa nyumbani kwake. Wewe wamletea mamako majina, ami. Yeye ataka mkono."

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na maneno hayo, na usiku akamwuliza mama ni chakula gani cha nyumbani angekipenda, akitafute. Mama alikaa kimya kwa kitambo. Chini, muuza kulfi alikuwa akigonga kengele yake. "Baba," alisema hatimaye, kwa jina alilomwita mwanawe tangu mdogo, "si utamu. Vyakula vyao ni vitamu. Lakini kila nikitia tonge kinywani nauona mnazi wa Tongoni unaanguka. Huu wa teksi. Huu wa chumba. Huu wa chapati ile uliyoleta. Miaka thelathini sijala cha mtu, nimekula nilichokipika na kukiuza. Sasa nimekuja kukaa hapa na kula shamba la mama yangu, mnazi baada ya mnazi. Moyo wenyewe hautaki."

Mwalimu hakuwa na jawabu. Alikuwa amezunguka mji siku nne kutafuta dawa ya ulimi, kumbe ugonjwa haukuwa ulimini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye aliyekuja ili apone, na hakuona la kuwapa wenyeji ila pesa zisizokuwa na jasho lake.

Kesho yake alitoka bila ya kujua anatafuta nini. Alipanda treni katika stesheni ya Masjid, saa ambayo mabehewa yana nafasi ya kusimama, akasafiri kuelekea kaskazini, Byculla, Parel, Dadar, akawaza kwamba reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na kwamba vijana wa darasani kwake hawakujua treni ya abiria ila kwa hadithi. Akateremka Matunga. Ni mtaa wa miti mikubwa, wa wauza maua na mahekalu, ambako watu wengi wa asili ya India ya kusini walijenga makazi na mikahawa yao. Akapita katikati ya mashada ya asumini na ya marigoldi, na hapo ndipo iliki ilipomfikia puani.

Haikuwa iliki ya dukani, kavu ndani ya gunia. Ilikuwa iliki iliyo motoni, ndani ya wanga na sukari, harufu ile aliyoamka nayo kila alfajiri ya utoto wake, kabla ya adhana, mama akiwa uani mbele ya seredani. Aliifuata. Ukutani, chini ya mti, aliketi mwanamke wa makamo mbele ya chuma chenye vishimo saba.

Alinunua sita, akavichukua vikiwa vimefungwa katika jani. Mama alikuwa amelala. Mwalimu hakusema neno. Alifungua jani na kuliweka kwenye kiti karibu na kitanda. Mama alifumbua macho, akakaa. Alikichukua kimoja, akakipima mkononi, akakipasua katikati na kukitazama ndani karibu na dirisha, kama sonara aangaliaye kito.

"Mchele," alisema. "Na sukari guru. Nazi imo, imekatwakatwa, haikukamuliwa tui. Hamira hakuna. Kimeumuliwa na nini?"

"Sijui, mama."

"Na huku kimeungua. Moto wake hauendi sawa." Alionja kipande kidogo kuliko ukucha, akatafuna polepole. "Nipeleke."

Daktari alitoa ruhusa ya saa moja, kwa teksi, asitembee. Siku iliyofuata, jioni ya Jumapili, mama aliteremka Matunga akiwa amejitanda kanga, akaketi juu ya kigoda ambacho yule mwanamke alimsogezea bila ya kuulizwa. Walitazamana. Mmoja alijua Kitamil na mwingine Kiswahili, na mwalimu, aliyekuwa na shahada ya lugha, hakufaa kitu. Mama alionyesha bakuli la uji wa mchele na kukunja uso kwa kuuliza. Mwanamke alitoa kiganja cha punje ndogo za kunde nyeusi zilizomenywa, akaonyesha zilivyorowekwa na mchele, zikasagwa, zikaachwa. Akalala juu ya mikono yake miwili, akaamka. Yaani usiku mmoja. Kunde zenyewe ndizo hamira.

Mama akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akagusa pua yake. "Iliki."

"Elakkai," akasema yule mwanamke.

"Iliki," akarudia mama, na wote wawili wakacheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefundishwa chochote.

Ni nani aliyempelekea mwenzake chuma kile cha vishimo? Mwalimu angependa kujua. Ndiyo kazi ya walimu. Lakini wapishi waliopita baharini hawakuandika vitabu, na mbele yake wanawake wawili walikuwa wamekwisha kulivuka swali hilo. Mama alikuwa akikitazama kishimo cha pembeni, upande uliopigwa na upepo, ambacho kila mara kiliunguza. Alivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili aliunyoosha mkono. Mwanamke alimtazama, akautazama mkono ule wenye makovu ya mafuta, akampa sindano ndefu ya chuma.

Mama alisogeza kaa mbili, akangoja kidogo. Kisha alivigeuza vyote saba kwa mzunguko mmoja wa kiganja, tak, tak, tak, bila ya kukwaruza wala kumwaga. Mtoto aliyekuwa akingoja fungu lake alibaki kinywa wazi. Mama hakusimama. Alipika mikupuo minne, jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo, na mwalimu aliyekuwa na saa mkononi aliogopa kumwambia basi.

Alipotoa pesa kulipia sahani, yule mwanamke alizisukuma. Mwalimu alisisitiza. Mwanamke alitikisa kichwa, akaionyesha mikono ya mama, akalionyesha rundo la vitumbua vilivyokwisha kuuzwa, akaweka vitano juu ya jani na kumkabidhi mama mwenyewe. Mwanawe alikuwa bado anatafuta maana. Mama alikuwa amekwisha kuielewa.

"Acha, baba," alisema. "Hivi havitoki Tongoni. Hivi nimevifanyia kazi."

Akavila vyote vitano, huku akivilaumu: sukari imezidi, chumvi haikufika, tui lingevilainisha. Alilamba vidole. Usiku ule alitaka chai na mkate. Asubuhi aliagiza ile chapati kavu, akaichovya katika mchuzi wa dengu, akasema kwamba kwa chapati iliyolala njaa haikosi adabu. Kuanzia siku hiyo alikula, tena alitaka kujua kila kilicholetwa kimepikwa vipi, na mwalimu akawa na kazi ya kuuliza kwa wauzaji mambo ambayo msafiri hayaulizi. Kwa maswali hayo alikaribishwa nyuma ya meza nyingi. Mji aliokuwa ameupita siku nne kama mnunuzi ulianza kumfunulia masufuria yake.

Siku ya kumi madaktari walipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja la mama hadi moyoni, na kiputo kidogo kilichokuwa nchani kikajazwa, kikautanua ule mlango uliokaza. Siku ya kumi na nne walikuwa uwanja wa ndege. Mama alikuwa ameahidi kwenda leo na kurudi leo. Mwalimu alipomkumbusha alisema kwamba nia ndiyo inayohesabiwa.

Ngamiani, seredani ilirudi uani. Mama hakupika tena kila siku, na kazi ya kukuna nazi alipewa mjukuu. Kwa siku za Ijumaa alianza kutoa namna ya pili, isiyo na hamira, yenye sukari guru, iliyoumuliwa kwa kunde kwa usiku mzima. Wateja waliuliza jina lake. Akawaambia ni vya Matunga, na baadhi yao wakaamini kwamba Matunga ni kijiji cha upande wa Pangani.

Nazi sasa zilikuwa za kununua. Asubuhi ya kwanza alikwenda mwenyewe katika soko la Mgandini, mwanawe akimfuata nyuma na kikapu. Aliliendea fungu moja, akaokota nazi na kuitikisa sikioni, akaiweka, akaokota nyingine.

"Za wapi hizi?" aliuliza.

"Tongoni, mama," alijibu kijana wa sokoni. "Shamba lina mwenyewe mpya."

Mama aliitikisa tena ile aliyoishika. Alichagua kumi, moja moja, akazitia kikapuni, akahesabu pesa zake za vitumbua na kulipa bei aliyotajiwa, bila ya kuomba apunguziwe.